Ukingo wa Kisima cha Bi Mwanaisha

Profesa Salim alizikwa Jumanne, na siku ya tatu, baada ya hitima kusomwa na pilau kupakuliwa, wenzake wa chuo waliomba ruhusa ya kusema maneno mawili. Maneno mawili ya wasomi mnayajua. Sisi wanawake tulikuwa ghorofani, tumekaa mikekani na sinia baina yetu, na sauti za wanaume zilitupandia kupitia kipaza sauti kilichokuwa kikikwaruza. Mmoja wao, niliyemtambua kwa kikohozi chake, alisema kwamba marehemu alikuwa na jicho la kuliona janga kabla halijafika, na kwamba kila kijana anayesomea leo namna ya kuukinga mji na mafuriko na majengo yanayoporomoka ni mwanafunzi wake, hata kama hakuwahi kukaa darasani mwake. Nilisita na tonge mkononi. Swabra, aliyekaa ubavuni mwangu, alinisogezea kachumbari. Mimi ndiye niliyerithi darasa la Profesa Salim, na meza yake, na hata kile kiti chake chenye mguu mmoja mfupi. Nimepata heshima nyingi kwa kazi hii ya uhandisi wa mazingira, na sioni haya kusema kwamba nyingine nilizistahili. Lakini kila ninaposikia mtu akisema "kabla halijafika", mwaka mmoja hunirudia mzima mzima, na hamu ya kula hunitoka.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na sina kazi. Yeye alikuwa bado Daktari Salim, mwembamba, suruali inamvuka, amerudi kutoka masomoni ng'ambo na fikra moja kichwani: kwamba bahari inauingia mji kutoka chini, kupitia mwamba wa matumbawe, na kwamba visima vya Mji wa Kale vitatuambia habari hiyo mapema kuliko ufuo. Alinichukua niwe msaidizi wake, na kazi yangu ilikuwa kutembea na kamba. Tulikuwa na visima kumi na viwili, kuanzia nyuma ya Ngome ya Yesu hadi mwisho wa Ndia Kuu, vingine uani, kimoja msikitini, vingine ndani kabisa ya nyumba za watu. Kila wiki, bahari ikiwa imekupwa, niliteremsha kamba yenye kipande cha risasi mpaka kiguse maji, nikaishika kwa vidole viwili pale ilipopita ukingoni, nikaivuta na kuipima. Kutoka ukingo hadi maji: hiyo ndiyo tarakimu niliyoiandika. Urefu wa ukingo wenyewe juu ya bahari Daktari aliupima mara moja tu, mwezi wa Januari, kwa darubini ya wapima ardhi, akauandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na hakuurudia tena. Nilikuwa nimepanga chumba Tononoka, na nilikwenda kazini kwa miguu kwa sababu nauli nilikuwa nimeshaila mahamri.

Kisima cha saba kilikuwa cha Bi Mwanaisha. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja, katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu ambamo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Ukivuka ukumbi uliingia chumba cha nyuma, baridi hata Machi, na humo katikati ya sakafu, karibu na ukuta mnene uliobeba nyumba, kilikuwapo kisima chenye ukingo wa mawe unaofika magotini na kifuniko cha mbao. Kote kando kulikuwa na mitungi na madebe, kwani Bi Mwanaisha alikuwa akitengeneza achari ya ndimu na ya embe ambayo nusu ya mji iliilia wali. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye ulimi wa pilipili, akiishi na Swabra, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa hirimu yangu na aliyezoea kutoka kila asubuhi kwenda kuziuza achari hizo. Siku ya kwanza niliinama kufunua kisima, naye akanishika mkono.

"Wewe binti wa chuo," alisema, "kwangu umebisha hodi, na hapo je? Huku hafunui mtu kisima bila ya kubisha."

Daktari alikohoa, akasema hodi, huku masikio yamemwiva kwa haya. Bi Mwanaisha akainua kidole tunyamaze. Tukangoja, sijui tukingoja nini, tukisikia matone yakidondoka mahali gizani. Kisha akasema, "Haya, funua." Ikawa hiyo ndiyo desturi ya kisima cha saba. Hodi, kimya, kisha kifuniko. Wiki za mwanzo nilifanya ili nisimuudhi mwenye nyumba. Kufikia Aprili nilikuwa nafanya hata nikiwa peke yangu chumbani, na katika kile kimya nilikuwa nasikiliza kwa dhati.

Maji yalikuwa yakipanda. Tarakimu zilionyesha, ila mimi nilijua bila tarakimu, kwa sababu ya uso wangu. Januari nilipoinama kisimani niliona kichwa kidogo cheusi mbali huko chini, na nisingeapa kwamba ni changu. Machi niliyaona macho. Kufikia mwezi wa nne niliona hata ule mkunjo wa kilemba changu, na yule msichana wa chini alikuwa ananitazama kana kwamba ni yeye anayekuja na mimi ndiye ninayengojwa. Nikawa nateremsha kamba nimeangalia pembeni. Sikumwambia Daktari, maana msaidizi wa mhandisi haendi kwa bosi wake kulalamika kuhusu uso wake mwenyewe. Na ndimu nazo. Bi Mwanaisha alikaa kwenye kibao akizikata, na ndimu ikimponyoka ilibingirika polepole sakafuni mpaka kisimani, ikagonga ukingo, ikatulia. Kila ndimu. Hata aliyeiangusha awe karibu na mlango. Siku moja kibunda cha uzi cha Swabra kilifuata njia ileile kikiuacha uzi nyuma.

"Chaviita," Bi Mwanaisha alisema, hakushtuka wala nini. "Tangu mwaka jana chaita vitu. Na ule mlango wa ukumbini hufunguka wenyewe, nifunge nisifunge. N'shazoea."

Daktari alicheka kwa adabu. Mimi nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Tulikuwa wasomi wawili tumesimama juu ya sakafu iliyoinama, tunatazama ndimu zikituonyesha upande ilikoinamia, na tukaziona ndimu kuwa ni hadithi ya bibi. Nimewahi kuwauliza wanafunzi swali hilo kwenye mtihani, nimebadilisha ndimu kuwa gololi, na karibu wote hulijibu. Ni rahisi sana ukikaa kwenye dawati.

Kilichonikera kilikuwa kisima cha msikitini. Hakikuwa mbali, hatua thelathini tu kupitia kichochoroni, mwamba mmoja, bahari moja, na maji yake hayakupanda hata kidole. Nilimwambia Daktari. Tulikuwa barazani tunakunywa kahawa, na alikuwa na furaha siku hiyo, kwani alikuwa amealikwa Nairobi kuisoma ripoti yake mbele ya wakubwa. Alisema msikitini watu wanatawadha mara tano kwa siku, pampu inavuta, ndiyo maana hayapandi. "Kisima cha Bi Mwanaisha ndicho kinachosema kweli," alisema, "hicho kingine kimezibwa mdomo." Kisha akapata ushahidi mwingine uliompendeza zaidi ya darubini yake yote. Bi Mwanaisha alikuwa na kamba ya ndoo aliyoirithi kwa mamake, yenye fundo pale inapofika ukingoni ndoo ikigusa maji. Sasa fundo lilikuwa linabaki juu, shubiri nzima. Daktari akaipiga picha ile kamba. Kipimo chetu na kipimo cha wazee vimekubaliana, alisema. Hatukufikiri kwamba vyote viwili vimeanzia kwenye jiwe lilelile.

Ndipo Bi Mwanaisha akatuuliza lile aliloniuliza tena mara nyingi baadaye, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Kakake alikuwa akimshikilia ahamie kwake. Chumba kilikuwapo, godoro lilikuwapo. "Nyinyi ndio wataalamu," alisema. "Nikae ama n'hame? Nambieni kweli, nami n'tafuata." Daktari alimweleza vizuri, kwa heshima, kwamba maji haya yanapanda pole pole, kwamba itachukua miaka mingi kabla hayajamlowesha miguu, na kwamba nyumba ya mawe kama ile haina wasiwasi. Akae. Ila vitu vyake vizito na vya thamani, mitungi, madebe ya achari, magunia ya chumvi, avipandishe ghorofani visije vikaharibiwa na unyevu. Na akiba ya maji safi pia aiweke juu. Tulimsaidia kwa mikono yetu. Nilibeba chumvi mgongoni nikipanda zile ngazi nyembamba, gunia baada ya gunia, na Swabra nyuma yangu akinitania kwamba chuo kikinifukuza nina kazi bandarini. Tulipopandisha tangi kubwa la plastiki la ile akiba ya maji na kulijaza, boriti za dari zililia kwa sauti ndefu. Bi Mwanaisha alitazama juu, akatazama kisima. Kisha akatuletea sharbati.

Kisha masika yakaingia. Mwezi wa tano niliingia chumba kile wakati wa adhuhuri, nje mvua, Bi Mwanaisha ametandika mswala ukumbini. Nikabisha hodi. Nikangoja. Na kutoka chini, chini ya kifuniko, pakajibiwa: tubwi. Kimya kidogo. Tubwi. Kitu kilikuwa kinadondoka majini, kutoka ubavuni mwa kisima, na wala sikuwa nimefunua. Bi Mwanaisha alipomaliza kusali nilimwambia, na kwa mara ya kwanza nikaona amefurahi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Miaka yote nabisha, yeo kimejibu."

Zilikuwa kokoto. Bomba bovu la maji machafu, lililopita chini ya kichochoro, lilikuwa limeula udongo chini ya nyumba mwaka mzima, na sasa udongo huo ulikuwa unamiminikia kisimani kipande kwa kipande. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku hiyo niliandika tarakimu yangu, nikafunga daftari, nikatoka mbio mvuani kama mtoto.

Fundi Athmani ndiye aliyenifungua macho, na hakukusudia. Alikuwa akijenga upya ukuta wa birika la msikitini, mzee mwenye kanzu iliyotapakaa chokaa, na chombo chake kilikuwa mpira mrefu mwembamba wa plastiki uliojaa maji, ule wa mafundi wote wa pwani. Ukiinua ncha mbili, maji husimama sawasawa pande zote, hata ncha moja iwe nyumba nyingine. Alhamisi moja nilimwomba aniazime. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka tu kitu kimoja nyumbani mle kinielezee uso wangu. Tuliupitisha mpira kichochoroni, ncha yake ukingoni mwa kisima cha msikiti, ncha yangu ukingoni mwa kisima cha saba. Bi Mwanaisha alikuwa jikoni. Daftari la Januari lilisema ukingo wa Bi Mwanaisha uko juu ya ule wa msikiti kwa shubiri nzima. Mpira ulisema kingo ziko sawa. Nikarudia. Nikamwita fundi aje ashike yeye. Ziko sawa. Maji hayakuwa yamepanda hata kidogo, popote, tangu Januari. Ni ukingo uliokuwa unashuka kuyafuata, na chumba pamoja nao, na ule ukuta mnene, na sisi juu yake na kamba zetu.

Fundi Athmani aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda. "Nyumba hii yenda tini," alisema polepole. "Na juu mumeitweka mzigo. Mwambie bibi atoke."

"Wacha kwanza nimpigie Daktari," nilisema.

Alinitazama, akaanza kuukunja mpira wake. "Haya. Wewe ndiwe msomi."

Daktari alikuwa Nairobi, ameshaisoma ripoti, na nyuma yake nilisikia vikombe na vicheko. Alinitaka nizirudie tarakimu. Kisha akasema mpira wa fundi si kipimo, kwamba Jumatatu atarudi na darubini tuhakikishe, na kwamba nisimwambie mtu yeyote mpaka hapo. Tukiwatia watu hofu bure, alisema, nyumba zote zenye visima zitatufungia milango na kazi ya mwaka itapotea. Ningependa kusema kwamba niliumia. Kweli ni kwamba nilifarijika. Mtu mkubwa ameamua, na siku nne si nyingi.

Nilirudi ndani kuchukua daftari langu nikakuta nimepakuliwa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari pembeni. Tulikula mimi na Bi Mwanaisha, na nilikuwa nasikia kila kitu: kijiko, mvua, mlango wa ukumbini ukijifungua taratibu. Ndani ya chokaa ya ukuta, nyuma ya mgongo wake, palikuwa na ufa ambao wiki iliyopita haukuwapo, mwembamba, na ulikuwa ukivuja unga mweupe.

"Mbona waniangalia hivyo?" aliniuliza. "N'meota pembe?"

"La, Bi."

"Kuna jambo?"

"Hapana, Bi. Chakula kitamu."

"Basi kula, Mbeyu mwanangu. Umekonda kama ukuti."

Ilianguka Jumamosi asubuhi, Swabra akiwa sokoni. Mimi nilikuwa Tononoka nafua, na mtu alipita akisema nyumba imelala Mji wa Kale, na sikuuliza ni ipi. Nilikimbia na mikono ina povu. Nilipoingia kichochoroni kilichonifikia kwanza ni harufu ya achari, kali, tamu, mji mzima ulinuka ndimu na siki. Watu walikuwa wanapokezana mawe kwa mikono, hakuna aliyepiga kelele. Ghorofa ilikuwa imeteremka yote pale pale chumba cha nyuma kilipokuwa, na chumvi imetapakaa juu ya mawe, mvua ikiiyeyusha. Kisima hakikufukiwa. Kilibaki wazi katikati, ukingo umepasuka upande mmoja, na maji yake yametulia tuli, safi, kama yalivyokuwa Januari na miaka yote kabla yetu. Bi Mwanaisha walimtoa kabla ya adhuhuri. Wakamzika alasiri.

Daktari alirudi Jumatatu na darubini yake begani, na alikaa juu ya jiwe la mlango wa nyumba ile akalia mpaka watu wakamwonea haya. Hilo nalisema kwa sababu hakuna aliyelisema kwenye kipaza sauti. Kisha akafanya alichofanya: ripoti ilipochapishwa ilikuwa na visima kumi na kimoja. Cha saba hakikutajwa, wala hapakuwa na pengo. Tangu hapo aliacha habari za bahari, akashika majengo, ardhi inayoporomoka, miji inayoanguka, na akawa mtu mkubwa kweli, na darasa lake la kwanza kila mwaka lilianza na maneno yaleyale: kabla hujapima kinachosogea, uliza umesimama juu ya nini. Wanafunzi wakaandika. Nami nilikaa kando yake miaka yote hiyo, nikayasema maneno hayo baada yake, na ajabu ni kwamba yamewaokoa watu. Zipo nyumba zilizohamwa kwa wakati kwa sababu yetu. Nimezihesabu usoni mwa Bi Mwanaisha mara nyingi, na hazijamtosha.

Kwenye matanga ya Bi Mwanaisha, siku ya tatu, kila jirani aliyekaa alikuwa na methali yake ya ufa na ukuta. Swabra alikuja akakaa nami, macho yamevimba, akanishika mkono. Akasema, "Shangazi alikuwa na imani nawe. Ijumaa babangu alikuja kumchukua, akakataa. Akasema, lau pana jambo Mbeyu angaliniambia, jana kala hapa wala hakusema kitu. Mungu akulipe kwa ulivyomtunza." Nikasema amin. Nikala nilichopewa, nikaenda zangu. Na tangu mwaka ule hakuna Idd iliyopita bila Swabra kunialika, mimi Mkristo, pamoja na wanawe na wajukuu wake, na kila mara nimekwenda, na kila mara nimerudi nikijiambia kwamba wema wa mtu asiyejua ni adhabu kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo baada ya hitima ya Profesa Salim, wanawake wakiwa wanakusanya masinia, nilimvuta Swabra kwenye kona ya ngazi. Aliyeniambia ninyamaze alikuwa amekwisha kuzikwa, na nilikuwa nimechoka. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Swabra, ile Alhamisi nilijua. Nilikula chakula chake huku nikijua."

Alikuwa anatafuta viatu vyake. Hakuinua kichwa.

"Fundi Athmani alikuja siku ya pili ya matanga," alisema. "Alikaa barazani na babangu akalia kama mtoto, akatwambia yote. Mpira, msikiti, ukingo."

Nilitafuta ukuta nikauegemea. "Sasa yale maneno uliyoniambia... siku ya tatu..."

"Nalikwambia upate pa kuanzia, Mbeyu. Wewe ukasema amin." Alivaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, kisha akanitazama, uso wa mtu mzima aliyechoka, hauna hasira hata chembe. "Kila Idd nakwita. Nasema, labda mwaka huu."